Kamukunji na Gikomba: Pa kupata kiegemezo cha patasi

Ukishuka kwenye kituo cha mabasi ya mashambani, kile ambacho kila mtu jijini Nairobi hukiita Machakos Kantri Basi, huna haja ya kumuuliza mtu njia ya kwenda Kamukunji. Tega sikio tu. Mlio wa nyundo juu ya mabati utakuongoza hadi ufike katikati ya mafundi wanaokunja masanduku ya wanafunzi, wanaotengeneza majiko ya makaa, karai, sufuria kubwa za harusi na matanga, na toroli za wajenzi. Hapo utapiga kelele ndipo usikike, na utaangalia unapokanyaga ndipo usikatwe na vipande vya bati.

Leo lakini hatwendi kununua jiko wala sanduku. Tunakwenda kutafuta kitu kidogo ambacho wapita njia wengi hawakijui hata kwa jina, ilhali vidole vya maelfu ya mafundi seremala vinakitegemea kila siku. Kitu chenyewe ni kiegemezo cha patasi, kile chuma kinachowekwa mbele ya mbao inayozunguka kwenye mashine ya kukereza, ili fundi aegemeze patasi yake juu yake anapochonga.

Kama hujawahi kuiona mashine hiyo, kazi yake umeiona. Tazama miguu ya meza yenye mabonge na mabonde, nguzo za ngazi katika nyumba ya ghorofa, kifimbo cha mama cha kusukumia chapati, bakuli la mbao linalouzwa kwa watalii. Vyote hivyo vilikerezwa. Mbao hufungwa baina ya ncha mbili, mota huizungusha, naye fundi huisogezea patasi na kuinyoa kama mtu amenyavyo chungwa. Wazee wetu wa pwani waliiita mashine hiyo kerezo, na neno hilo lilikuwapo kabla ya umeme kufika huku kwetu.

Basi tutaanza kwa kuizuru Gikomba, halafu turudi Kamukunji. Utaona kwa nini nimepanga safari hivyo.

ANZIA KWA MASEREMALA

Kutoka Kamukunji hadi Gikomba ni mwendo wa miguu tu. Wengi huijua Gikomba kwa nguo za mitumba, na kweli asubuhi na mapema utawakuta wanawake kwa wanaume wameinama juu ya marobota wakichagua. Lakini pita mitumba, ufuate harufu ya vumbi la mbao na gundi. Utafika kwa watu wa mbao, ambako vitanda husimamishwa wima kando ya njia na makochi yasiyo na vitambaa hungoja wateja.

Hapo utajifunza mengi kuhusu mbao zetu kuliko katika kitabu. Mtarakwa wenye harufu yake tamu, mgrivelea wa mashamba ya kahawa na majani chai, mkalitusi, na mara moja moja mvule au mahogani iliyotoka mbali. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, mafundi wengi waliizoea zaidi miti ya mashambani kwa watu binafsi na mbao zinazotoka nchi jirani. Miti ya shambani haikui wima siku zote. Ina vifundo, ina nyuzi zilizojipinda, na mara nyingine utakuta msumari uliofichika ndani, ambao mtu aliupigilia mtini miaka 20 iliyopita ili aanike nguo. Yakumbuke haya tutakapofikia suala la kiegemezo, kwa kuwa mbao yenye kifundo ndiyo inayoirukia patasi.

Mtafute fundi mwenye mashine ya kukereza. Mara nyingi mashine yenyewe imeundwa papa hapa. Kitanda chake ni vyuma viwili virefu, mota imetolewa kwenye mashine nyingine, nao ukanda unapita juu ya puli mbili. Usimkaribie kwa ghafla akiwa kazini. Simama mbele yake kwa mbali akuone, ungoje azime mota. Kisha msalimu.

"Habari ya kazi, fundi?"

"Nzuri tu, karibu kastama."

Mwambie ukweli kwamba unajifunza, na kwamba ungependa kutazama. Mafundi wa Gikomba wana haraka kwa sababu kodi ya banda haingoji, lakini ni wachache watakaokufukuza ukiwa na adabu. Ukimnunulia chai na mandazi utaambiwa hata yale usiyouliza.

Sasa usiitazame mbao. Tazama mkono wake wa kushoto. Utaona umetulia juu ya kiegemezo, vidole vimeishika patasi kwa wepesi na kuitelezesha kulia na kushoto. Mkono wa kulia uko nyuma, umeushika mpini. Patasi inagusa kiegemezo kwanza, ndipo iguse mbao. Huo ndio mpangilio ambao kila mkerezaji duniani hufundishwa siku ya kwanza, kwamba chuma kiguse chuma kabla hakijagusa mbao. Anayeugeuza mpangilio huo hupokonywa patasi.

NGUVU INATOKA WAPI?

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mota nyingi za umeme wetu huzunguka takriban mara 1,440 kwa dakika. Ikiwa puli zote mbili zina ukubwa sawa, mguu wa meza wenye kipenyo cha inchi 3 utazunguka mara hizo hizo, na uso wa mbao utapita mbele ya vidole vya fundi kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli kwa bidii. Mbao ya kwanza kufungwa, kabla haijanyolewa, ina pembe nne, na kila pembe inapita na kupiga kama nyundo.

Kinachomwezesha binadamu kuizuia nguvu hiyo kwa mikono miwili mitupu ni wenzo. Kiegemezo ni kama mhimili wa mizani. Ukiushika mpini sentimita 40 nyuma ya kiegemezo, na ncha ya patasi ichomoze sentimita 2 tu mbele yake, mkono wako unaishinda mbao mara 20. Ukiiacha ncha ichomoze sentimita 10, ushindi huo unashuka hadi mara 4. Patasi ni ile ile na mkono ni ule ule, lakini kwa sababu kiegemezo kiko mbali, kifundo kidogo tu kinaweza kuirusha patasi usoni mwa mwenyewe.

Hii ndiyo sababu kiegemezo kibaya si hasara ya fedha peke yake. Kikiwa kimelegea, kinatikisika, au kimekatwa vibaya hivi kwamba hakisogei karibu na mbao, kinamnyima fundi ule wenzo. Ni heri patasi butu juu ya kiegemezo imara kuliko patasi mpya juu ya kiegemezo kinachocheza. Patasi butu utainoa, lakini kidole hakinolewi.

VIPIMO VINNE VYA KUANDIKA

Kabla ya kuondoka Gikomba, au kabla ya kuondoka nyumbani ikiwa una mashine yako, chukua karatasi uandike vipimo vinne. Kiegemezo kina sehemu tatu. Kuna kitako, ambacho huteleza juu ya kitanda cha mashine na kufungwa kwa bolti. Kuna mguu, ambao husimama ndani ya tundu la kitako. Na kuna upau, ambao hulala juu ya mguu na ndio unaopokea patasi. Mara nyingi kitako huja na mashine na hudumu miaka mingi. Kinachochakaa, kuvunjika au kutotosha kazi ni mguu na upau, na ndivyo watu wanavyokwenda kutafuta.

Kwanza, unene wa mguu. Mashine ndogo za mezani nyingi zina tundu la inchi 5/8, yaani karibu milimita 16. Nyingine zina inchi 3/4, ambayo ni milimita 19. Mashine kubwa nyingi zina inchi 1, na baadhi ya zile za Ulaya zina milimita 30. Hapa ndipo wengi hunaswa. Inchi 1 ni milimita 25.4. Mguu wa milimita 25 utaingia katika tundu la inchi 1, muuzaji atakuambia ni sawa, lakini utabaki na nafasi ya kucheza. Nao mguu wa inchi 1 hautaingia kabisa katika tundu la milimita 25. Kwa hivyo usikadirie kwa macho. Pima kwa vania, na kama huna, fungua kitako kizima ukibebe mkononi hadi Kamukunji. Tundu lenyewe ndilo kipimo kisichodanganya.

Pili, urefu wa mguu. Pima kutoka juu ya kitako hadi kwenye kitovu cha mashine, ile ncha inayoshika mbao. Tuseme ni inchi 5. Kwa kazi za kawaida ukingo wa juu wa upau hukaa chini kidogo ya kitovu, tuseme kwa nusu inchi, ili patasi ikilala juu yake ncha yake ifikie kitovu. Hapo una inchi 4 na nusu juu ya kitako. Toa inchi 1 ambayo ni kimo cha upau, zinabaki inchi 3 na nusu za mguu ulio wazi. Ongeza angalau inchi 1 na nusu za kuzama ndani ya kitako ili bolti ishike vizuri. Jumla ni inchi 5. Ongeza nusu inchi ya kukiinua kiegemezo unapotumia patasi nyembamba, upate inchi 5 na nusu. Ukishapata jibu, hakikisha kwamba mguu ukishushwa kabisa hautagonga kitanda cha mashine.

Tatu, urefu wa upau. Ukikereza bakuli, upau wa inchi 6 unatosha na unaweza kuukaribia mdomo wa bakuli. Ukikereza miguu ya meza na nguzo za ngazi, inchi 12 zinafaa. Usidanganyike kwamba mrefu zaidi ni bora zaidi. Upau wenye mguu mmoja katikati ni kama ubao wa watoto wa kupanda na kushuka. Ukibonyeza mwisho wake unapinda, na ukipinda mbao itatoka na mistari kama barabara ya vumbi iliyopitiwa na malori. Kwa upau unaozidi hapo, weka miguu miwili na vitako viwili. Kama huna, tumia mfupi na uusogeze mara mbili au tatu. Utapoteza dakika chache lakini kazi itatoka safi.

Nne, umbo la ukingo wa juu. Huu ndio unaopuuzwa zaidi. Mafundi wengi huchukua chuma cha pembe, kile wanachokiita anglaini, wakakichomelea juu ya kipande cha bomba, kazi ikaisha. Kinafanya kazi, ndiyo. Lakini ukingo wake ni mnene na wa pembe, hivyo patasi haiwezi kuinamishwa vizuri, na upana wake unaisukuma ncha mbali na mhimili. Isitoshe, ni chuma laini. Patasi nzuri ni ngumu kuliko chuma hicho, nayo itakitoboa vishimo vidogo vidogo. Siku nyingine unatelezesha patasi taratibu, inanasa kwenye kishimo, mkono unaruka, na mguu wa meza uliokaribia kwisha unaharibika. Ukingo unaofaa ni wa mviringo, mgumu na laini kama kioo.

Kwa bakuli kuna umbo la tano, la upau uliopinda, ambao huingia ndani ya bakuli na kuifuata kuta yake. Ukikereza miguu na nguzo peke yake huuhitaji. Ukiingia katika biashara ya mabakuli, usijaribu kufika chini ya bakuli kwa upau ulionyooka, maana utarudi kwenye ile hesabu ya sentimita 10.

SASA TURUDI KAMUKUNJI

Uwanja wa Kamukunji unajulikana zaidi katika historia ya siasa zetu. Huko ndiko mkutano wa Saba Saba ulikoitishwa tarehe 7 Julai 1990. Lakini mafundi wa vyuma wa jirani na hapo wana historia yao. Walifanya kazi juani bila paa, ndiyo maana wakaitwa jua kali. Mnamo 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti kuhusu Kenya iliyoifanya dunia nzima iitambue sekta hii isiyo rasmi. Mnamo 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi hawa na kuahidi vibanda vya kuwakinga na jua, na mnamo 1992 serikali ikatoa waraka maalumu wa bungeni kuhusu biashara ndogo na jua kali. Mengi yaliahidiwa, machache yakatimia, lakini nyundo hazikunyamaza.

Ukifika, usimwendee fundi wa kwanza anayekuvuta mkono. Wapo wa bati na wapo wa chuma kizito. Wewe unamtaka anayechomelea chuma kizito, mwenye jiriwa, mashine ya kusagia na tupa nzuri. Mwonyeshe kitako chako na karatasi yako. Usimwambie, "Nitengenezee kiegemezo," kwa maana huenda hajawahi kukitumia. Mwambie kila kipande kinafanya nini. Mweleze kwamba patasi itapita juu ya ukingo huu mara elfu, na kwamba mbao itakuwa ikivuta kuelekea chini. Fundi wa Kamukunji akielewa kazi ya kitu, atakitengeneza vizuri kuliko akipewa picha.

Kwa mguu, agiza chuma cha mviringo kilichojaa, si bomba. Bomba likibanwa na bolti hubonyea na baadaye hukwama tunduni. Shafti kuukuu ya gari ni chuma kizuri, lakini itabidi ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza chuma ili ipunguzwe hadi kipimo chako. Mafundi wa mashine kama hizo utawapata Kariobangi Light Industries na katika Eneo la Viwandani. Mguu uliokerezwa kwa kipimo huingia tunduni kwa kuteleza bila kucheza, na hapo ndipo utakapojua kwamba fedha zako hazikupotea.

Kwa ukingo, uliza fimbo ya shokabu kuukuu ya gari. Fimbo hiyo ni ngumu kwa nje na laini kama kioo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake ndani ya shokabu. Kuna tahadhari mbili. Baadhi ya shokabu zina gesi iliyobanwa, na si za kukatwa na mtu asiyezijua. Nunua fimbo ambayo tayari imetolewa. Pili, fimbo imepakwa kromu, na moshi wa kromu inayochomwa ni sumu. Fundi aisage kromu yote pale panapochomelewa, ajizuie na vumbi lake, na afanye kazi mahali pa wazi penye upepo.

Mwombe achomelee vipande vifupi vifupi, huku na huku, akipumzika katikati. Akichomelea mstari mmoja mrefu kwa pupa, moto utaulainisha ukingo na upau utapinda unapopoa. Wala asiutumbukize kwenye debe la maji ili akuharakishie. Chuma kilichopozwa hivyo hupasuka kwenye kiungo, na ufa wenyewe huenda usiuone kwa jicho. Haraka haraka haina baraka, na mahali pengine methali hii ni kanuni ya ufundi.

KAGUA KABLA YA KULIPA

Ukikabidhiwa kazi, usione haya kuikagua. Fundi mwema hukasirishwa na mteja anayerudi kesho akilalamika, si na anayetazama leo. Weka rula ya chuma juu ya ukingo uinue kuelekea mwangaza. Mwanga ukipita katikati, upau umepinda. Pitisha ukucha kutoka mwisho hadi mwisho. Ukucha ukikwama, patasi pia itakwama. Kwaruza kidogo kwa tupa pembeni. Tupa ikiteleza, ukingo ni mgumu, na ikiuma, ni laini. Ingiza mguu kwenye kitako, kaza bolti, kisha ubonyeze mwisho wa upau kwa kiganja na uzito wako. Kisitikisike wala kisizunguke. Mwisho tazama viungo vyote viwili, uone kama chuma kimeungana au kimegandamana tu kama uji juu ya sufuria.

Pengine utauliza, kwa nini nisinunue kilichotengenezwa kiwandani? Unaweza. Maduka ya vifaa vya ujenzi na ufundi huuza, na vya kuagizwa kutoka nje vipo. Vingi vya bei nafuu ni vya chuma cha kalibu. Chuma hicho hakipindi, lakini kikianguka sakafuni huweza kuvunjika, na ukingo wake hutobolewa vishimo na patasi. Ukikinunua, kikague kwa njia ile ile. Lakini mashine nyingi za mafundi wetu ziliundwa kienyeji, kila moja na kimo chake. Kiwanda cha ng'ambo hakikipimi kitako chako. Fundi wa Kamukunji anakipima.

WAZEE WA PWANI WALIFANYAJE?

Ukipata nafasi ya kwenda Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mnamo 2001, ingia katika jumba la makumbusho utazame vitanda na viti vya zamani. Utaona miguu iliyokerezwa kwa ustadi. Ng'ambo kidogo, katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifika kwa mafundi wake wa mbao na ngozi. Hawakuwa na mota.

Kerezo la kale la nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi liliendeshwa kwa uta. Fundi aliketi chini, mkono mmoja ukivuta uta ambao kamba yake imeizungushia mbao, na mkono wa pili ukiishika patasi. Mbao ilizunguka mbele na nyuma, na patasi ilikata inapokuja upande wake tu. Kiegemezo kilikuwa pau ya kawaida iliyowekwa mbele, na fundi aliituliza patasi juu yake kwa vidole vya mguu. Mafundi wa madirisha ya vijiti jijini Cairo walifanya kazi kwa namna hiyo hiyo, na huko Kutch, katika jimbo la Gujarat nchini India, ambako majahazi yetu yalifika, kazi ya kukereza na kupaka rangi ya lakri kwa uta ingali hai.

Kile ambacho kerezo la uta halikuwa nacho ni kasi. Patasi ikinasa, fundi aliuachilia uta, mbao ikasimama. Leo patasi ikinasa, mota haina habari. Ndiyo maana kiegemezo ambacho kwa babu kilikuwa msaada, kwa mjukuu kimekuwa ngao.

NANI ATAMLIPA?

Vijana wengi wanaotoka katika vyuo vya ufundi vya mashambani wanaanza kazi hii. Anakodi banda, ananunua mashine kuukuu, fedha zinakwisha, na kinachobaki ni kiegemezo. Hapo ndipo anapochukua kipande cha anglaini, kwa kuwa kimelala chini na hakina bei. Nchini Kenya tuna sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wafanyakazi wanaojeruhiwa kazini. Lakini sheria hiyo inamhusu mwajiri na aliyeajiriwa. Aliyejiajiri akikatwa kidole, hana wa kumdai. Kitanda alichokuwa amechukua oda yake kitakamilishwa na mwingine, na mkono wake utajifunza upya kushika kijiko.

Kwa hiyo ikiwa mwanao, mpwa wako au jirani yako anaianza kazi hii na unataka kumsaidia, usikimbilie kumpa patasi mpya. Mpeleke Kamukunji na kitako chake mkononi. Na ikiwa wewe ni mteja tu, unayeagiza meza ya miguu ya kukerezwa, mtazame fundi wako anapofanya kazi. Ukiona kiegemezo kinacheza, mwambie kwa upole, na umwongezee siku mbili kabla ya kudai meza yako.

Ukishapata kiegemezo chako, kitunze. Kisogeze hadi kiwe karibu na mbao, nafasi ya milimita 3 hadi 6, kisha izungushe mbao kwa mkono mara moja nzima uone kama inagonga, ndipo uwashe mota. Mbao inapopungua, zima, ungoje isimame, ndipo ukisogeze tena. Usikisogeze mashine ikizunguka hata kama una haraka ya kwenda Ijumaa au kanisani. Unapofika wakati wa kupiga msasa, kiondoe kabisa, kwa kuwa vidole vilivyoshika msasa vikivutwa baina ya mbao na chuma havina pa kukimbilia. Kunja mikono ya shati, vua shuka na saa, wala usivae glavu.

Kila Jumamosi jioni, ukiwa umefagia vumbi, pitisha tupa laini juu ya ukingo uondoe mikwaruzo, kisha usugue kwa kipande cha mshumaa. Patasi itateleza Jumatatu asubuhi kama jahazi lililopata upepo, nawe utamaliza siku ukiwa na vidole vyako vyote kumi.